Bafle ndefu za saloni: kartoni inasema moja, sikio linasikia lingine

Kwenye maduka ya vyombo vya umeme mjini Kalemie, kuna bafle za namna moja ambazo mtu anazitambua hata akiwa ngambo ya barabara. Ziko mbili, ndefu na nyembamba, zinasimama chini bila meza, na zinafika kiunoni ao kifuani mwa mtu mzima. Zinavuka ziwa kutoka Kigoma, ao zinapitia njia ya Uvira, ao zinapanda kutoka upande wa Lubumbashi. Muuzaji anaziweka mbele ya mlango, anafungulia muziki, na wapita njia wanageuza kichwa. Kwenye kartoni kumeandikwa namba kubwa kubwa: wati 3000, wati 8000, na kuendelea.

Kuna familia zinazoweka franga pembeni miezi mingi ili zipate bafle za namna hiyo. Zinafika nyumbani, jirani wanakuja kuona, watoto wanacheza. Kisha, baada ya siku chache, mzee wa nyumba anaanza kulalamika: habari za redio hazisikilikani tena vizuri kama zamani kwenye kile kiredio chake kidogo. Sauti ni kubwa, lakini maneno hayashikiki.

Malalamiko hayo si ya uzee. Yako na sababu, na sababu hizo zinaeleza karibu kila kitu ambacho mnunuzi anapaswa kujua juu ya bafle za kusimama.

Sababu ya kuwa na sanduku

Kwanza majina, juu watu wanachanganya. Bafle ni sanduku zima. Kile kiduara cha ndani kinachotikisika ni spika, ambayo mafundi wengi wanaita HP. Nyuma ya spika kuna uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa, umekaa katikati ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita ndani ya uzi, sumaku inauvuta na kuusukuma, uzi unasukuma koni ya karatasi ao plastiki, na koni inasukuma hewa. Hewa hiyo ndiyo inafika kwenye sikio. Spika ya namna hii ilielezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, na tangu hapo msingi wake haujabadilika. Bafle ya dola elfu nyingi na spika ya redio ya sokoni ni watoto wa baba mmoja.

Lakini kuna shida. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa ya mbele na ya nyuma zinakutana na kufutana, zaidi kwa sauti nzito. Mtu yeyote aliyewahi kuwasha spika tupu bila sanduku anajua: inalia kama nyuki ndani ya kopo, besi hakuna. Dawa yake ni kuweka ubao kati ya mbele na nyuma. Ubao huo ndio Waingereza na Wafaransa waliuita bafle, na kumbe neno ambalo Kongo nzima inatumia kwa sanduku lote lilikuwa jina la ubao tu.

Ukikunja ubao huo pande zote, unapata sanduku. Na hapo ndipo ukubwa wa sanduku unaanza kutoa amri.

Josef Anton Hofmann, mmoja wa watu watatu walioanzisha kampuni KLH huko Marekani mwaka 1957 (herufi H ni yake), aliacha kanuni ambayo watengenezaji wa bafle wanaiita ya chuma, kwa sababu haivunjiki. Mtu anataka vitu vitatu: sanduku dogo, besi inayoshuka chini sana, na bafle inayolia kwa nguvu bila kula umeme mwingi. Anaweza kupata viwili. Cha tatu lazima akiachilie.

Sabufa ndogo zile za kutoka Tanzania zilichagua sanduku dogo na besi. Kwa hiyo zinakula umeme. Bafle za sono zinazobebwa kwenye matanga, harusi na kanisa zilichagua nguvu bila umeme mwingi, na zote ni makabati makubwa yanayobebwa na watu wawili. Kiredio cha mzee kilichagua udogo na umeme kidogo, basi besi hakina. Hakuna kosa katika hayo matatu. Kila moja ililipa bei yake.

Bafle ndefu ya saloni inajaribu kutafuta njia katikati. Tuchukue bafle ya kuweka mezani yenye upana wa sentimeta 20, kina cha 25 na urefu wa 35. Kwa nje inabeba lita 17 na nusu. Bafle ya kusimama yenye upana na kina kile kile, lakini urefu wa sentimeta 90, inabeba lita 45. Kwenye sakafu zote mbili zinachukua nafasi moja, juu ile ndogo nayo inahitaji kigoda ao meza ya kuikalisha. Ni kusema bafle ndefu inapata hewa zaidi ya mara mbili na nusu bila kuiba nafasi ya kiti. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli. Si uzuri wake pembeni ya televizyo, hata kama uzuri huo ndio unauza.

Kwenye saloni ya mita 3 kwa 3, na zipo nyingi hivyo Kalemie, faida hiyo haionekani sana. Bafle nzuri ya mezani inatosha kabisa, na franga zinazobaki zinafanya kazi nyingine. Bafle ndefu inaanza kuwa na maana pale saloni iko na mita 4 kwa 5 ao zaidi, ao pale watu wanapenda kusikiliza mlango ukiwa wazi, wengine wakikaa kwenye baraza.

Wati za kwenye kartoni

Sasa ile namba 8000. Kwanza, mtu ageuze chombo na asome kile kibandiko kidogo cha nyuma, karibu na pale uzi wa umeme unapoingia. Huko wanaandika umeme ambao chombo kinameza. Mara nyingi ni wati 40, 60, labda 100. Kitu hakiwezi kutoa zaidi ya kile kinachomeza. Kinaweza kuweka akiba kidogo na kuitoa kwa pigo moja fupi la ngoma, lakini hakiwezi kuimba wimbo mzima kwa wati elfu nane kikiwa kinakunywa 60. Namba ya kartoni inapimwa kwa nukta ndogo kuliko kufumba jicho, ao haikupimwa kabisa. Wauzaji wengi wanajua. Wanunuzi wachache ndio wanageuza chombo.

Kuna namba nyingine, ndogo na bila kelele, ambayo ni ya maana zaidi. Kwa bafle zisizo na ampli ndani, watengenezaji wazuri wanaandika ni desibeli ngapi bafle inatoa ikipewa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja. Bafle moja inaweza kuandika 85, nyingine 91. Tofauti ya 6 inaonekana kidogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama mayai. Kila zikiongezeka 3, ni sawa na kuongeza umeme mara mbili. Kwa hiyo bafle ya 85 inahitaji umeme mara nne ili ilie sawa na ile ya 91. Ampli ya wati 10 kwenye bafle ya 91 inafanya kazi ya ampli ya wati 40 kwenye ile nyingine.

Kwa mtu wa Brussels hiyo ni hesabu ya vitabu tu. Kwa mkaaji wa Kalemie ni hesabu ya kila jioni. Umeme wa SNEL unaotoka kwenye bwawa la Bendera, mto Kiyimbi, haufiki kila avenue, na pale unapofika haukai saa zote. Nyumba nyingi zinaishi na batri na pano za jua. Tuseme familia iko na batri ya gari ya volti 12, ampea-saa 100. Hiyo ni wati-saa 1200, lakini batri ya risasi haipaswi kunyonywa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Zinabaki 600. Chombo kinachovuta wati 60 kinazimaliza kwa saa 10, na kabla ya hapo konvertisa, ile mashini ya kugeuza volti 12 kuwa 220, nayo imekula sehemu yake. Ampli ndogo ya kisasa inayovutia moja kwa moja kwenye volti 12, ikinywa wati 15, inaenda saa 40. Na hapo bado kuna taa na telefone za kuchaji.

Ndiyo maana mafundi wengi wa mjini wanafunga redio ya gari kwenye batri, wanaunganisha bafle, na mambo yanaenda. Watu wanaocheka mpango huo wanakosea. Redio ya gari imeandikwa mara nyingi wati 50 mara 4, na hiyo pia ni sifa ya kartoni: kwa volti 12 na spika za omu 4, hesabu haipiti wati kama 18 kila upande bila sauti kukwaruza. Lakini wati 18 za kweli kwenye bafle yenye desibeli 90 zinajaza saloni hadi watu washindwe kuongea. Kusikiliza kwa kawaida, watu wakiwa wanaongea na kula, kunatumia karibu wati moja. Moja tu. Mambo haya ya kubana batri si mapya: mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, jirani wa kusini ya ziwa hili hili, ilitoka redio ndogo iliyojengwa ndani ya umbo la sufuria ya aluminiumu. Watu wa vijijini waliinunua kwa sababu batri yake kavu ilidumu saa kama 300.

Viduara vinne, kazi ya viwili

Bafle ndefu nyingi za bei ya chini ziko na viduara vitatu ao vinne mbele, vyenye kung'aa, vingine na taa za rangi. Mnunuzi anahesabu na kufurahi. Lakini si vyote vinafanya kazi. Kipimo chake ni rahisi: kupiga muziki polepole, kuinama, na kuweka sikio karibu na kila kiduara, kimoja kimoja. Kinachofanya kazi kinasikika chenyewe. Kidole kikigusa koni kwa upole sana kinasikia inatetemeka. Kiduara cha plastiki kilichogandishwa kwenye ubao hakisemi kitu.

Hapa kuna neno moja la haki kwa watengenezaji. Kuna koni isiyo na uzi wala sumaku ambayo si udanganyifu. Inasukumwa na hewa ya ndani ya sanduku, inasaidia besi, na inafanya kazi ile ile ya tundu ambalo bafle nyingine ziko nalo mbele ao nyuma. Tundu hilo nalo si la kupumulia tu: hewa yake inatikisika kama ile ya chupa mtu anapopuliza mdomoni mwake, na inaongeza nguvu kwa sauti nzito. Tofauti kati ya koni ya kusaidia na koni ya uongo ni kwamba ya kwanza inacheza pale besi inapopiga. Ya pili inakaa kama picha ukutani.

Kwa saloni ya kawaida, spika mbili zinatosha kwenye kila bafle: moja ya sentimeta 13 ao 16 kwa sauti nzito na za kati, na twita, ile ndogo ya juu, kwa sauti kali. Kati yao kunapaswa kuwa na kigawanyo cha umeme kinachotuma sauti nzito huku na sauti kali kule. Kwenye bafle za bei ya chini kigawanyo hicho mara nyingi ni kondensa moja tu iliyochomelewa kwenye twita. Si dhambi, lakini inafanya sauti za kati, zile za mdomo wa mtu, zivurugike.

Uzito nao unasema. Bafle ndefu ambayo mtoto wa miaka 8 anainua kwa mkono mmoja iko na mbao nyembamba na sumaku ndogo. Kugonga ubavuni kwa kifundo cha kidole kunamaliza mashaka: ikilia kama ngoma, sanduku lenyewe litaimba pamoja na muziki, na halikualikwa.

Seremala wa mjini anaweza kufanya vizuri kuliko hapo. Mbao ya tripleksi ya milimeta 18, viungo vilivyojazwa gundi ili hewa isivuje, kipande cha ubao kinachoshika kuta mbili katikati ili zisitikisike, na pamba kidogo kwenye ukuta wa nyuma. Kalemie ilikuwa mji wa pamba na nguo wakati kiwanda cha Filtisaf kinafanya kazi. Leo hata pamba ya godoro la zamani inatosha. Shida ya masanduku ya kienyeji si useremala, ni vipimo. Kila spika inaomba lita zake. Mwaustralia Neville Thiele alionyesha hesabu hiyo mwaka 1961, kisha mwenzake Richard Small akaiendeleza miaka ya 1970, na leo kuna programu za bure za telefone zinazoifanya. Fundi aliye na karatasi ya spika anaweza kukata mbao akijua anachokata.

Saloni nayo ni chombo

Turudi kwa mzee anayelalamika. Nyumba nyingi za Kalemie ziko na sakafu ya simenti, kuta za matofali zilizopakwa, mabati juu, na mara nyingi hakuna plafo. Kila kitu humo ni kigumu. Sauti inagonga ukuta, inarudi, inagonga mabati, inarudi, na maneno ya mtangazaji yanapandana kama watu wanaosukumana mlangoni. Kiredio kidogo kimekaa karibu na sikio la mzee, kwa hiyo sauti yake inafika kabla ya mwangwi. Bafle ndefu iko mita 3 mbali, na mwangwi unafika karibu pamoja nayo.

Kisha kuna pembe. Karibu kila familia inasukuma bafle ndani ya pembe za saloni, juu hapo hazisumbui njia na watoto hawaziangushi. Pembe inakusanya besi. Sauti nzito ya mitikisiko 50 kwa sekunde ni ndefu karibu mita 7, ndefu kuliko saloni yenyewe. Inasambaa pande zote, na kila ukuta ulio karibu unairudisha. Sakafu, ukuta wa nyuma na ukuta wa pembeni vinaungana. Ongeza hapo kitufe cha besi ambacho kijana wa nyumba amekifungulia hadi mwisho, na matokeo yake ni ule mngurumo unaofunika kila kitu.

Kinachofunikwa ni nini? Neno la Kiswahili linashikwa na konsonanti zake. "Pata" na "bata", "toka" na "choka": tofauti ni ndogo. Sauti zinazotenganisha p na t na k na s ziko juu, karibu na mitikisiko 2000 hadi 4000 kwa sekunde, na ziko na nguvu ndogo sana. Irabu zina nguvu, ziko chini. Besi ikizidi, msikilizaji anasikia irabu na kukisia mengine. Na watu wakizeeka, masikio yanapoteza kwanza zile sauti za juu. Kwa hiyo mzee anapoteza mara mbili: mara kwa umri, mara kwa kitufe cha besi.

Kwa wimbo hiyo si hasara kubwa, wimbo watu wanaujua. Kwa tangazo la redio ni jambo lingine. Tangazo juu ya kipindupindu na maji ya kunywa linasema wapi, lini, kiasi gani cha klori. Miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, ziwa lilipopanda na maji kuingia kwenye nyumba za kando, watu walitega sikio wasikie kartie gani. Mtu anayeshika nusu ya tangazo anaenda kuwaambia jirani nusu nyingine aliyojitungia.

Dawa ni ya bei ya bure. Bafle zitolewe pembeni, sentimeta 30 hadi 50 kutoka ukuta wa nyuma, na mbali zaidi na pembe. Ziwekwe ili kati ya bafle na bafle, na kati ya kila bafle na kiti, kuwe na umbali unaokaribiana. Zigeuzwe kidogo kuangalia wanaosikiliza. Mkeka sakafuni, pazia nzito, vikwembe vilivyotundikwa kwenye ukuta ulio mbele ya bafle, hata godoro lililosimamishwa, vinakula mwangwi. Plafo inasaidia kuliko vyote, na siku ya mvua ndiyo pekee inayosaidia: mvua ya mwezi wa 11 kwenye mabati tupu hakuna bafle inayoishinda, ya wati 8000 wala nyingine. Na saa ya habari, kitufe cha besi kirudi katikati ao chini.

Urefu nao una maana. Sauti kali za twita zinaenda mbele kama mwanga wa tochi, hazizunguki kona. Kwa hiyo twita inapaswa kuwa sawa na masikio ya anayekaa, karibu sentimeta 90 hadi 100 kwa mtu kwenye kiti. Hiyo ni sababu moja ya bafle hizi kuwa na urefu huo. Lakini nyumbani kwingi mama na watoto wanakaa kwenye mkeka ao kigoda kifupi, na tochi inapita juu ya vichwa vyao. Kipande cha ubao chini ya miguu ya nyuma, bafle iiname mbele kidogo bila kufika kuanguka, kinarekebisha hilo.

Upande wa muziki, bafle fupi za kusimama zina kitu cha kutoa. Rumba ya Kongo, ile ambayo UNESCO iliiandika kwenye urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu tarehe 14/12/2021 kwa ombi la Kongo zote mbili, inaishi kwenye magita yanayojibizana: moja inashika mdundo, ya kati inatembea, ya juu inaimba. Magita hayo yako katikati, pale ambapo spika ya sentimeta 16 inafanya kazi yake bora. Noti ya chini kabisa ya gita la besi ni mitikisiko 41 kwa sekunde, na bafle nyingi ndogo za kusimama zinaanza kuchoka kabla ya hapo. Sikio halijali sana, linakamilisha lenyewe. Anayetaka ngurumo za ndani ya kifua ni mteja wa sabufa, na jirani zake wanajua.

Zinavyokufa

Twita ndizo zinaungua kwanza, na mara nyingi si kwa nguvu kupita kiasi. Zinaungua kwa ampli dhaifu. Volti ya nyumbani ikishuka, tuseme kutoka 220 hadi 160, ao batri ikichoka, ampli inakosa pumzi. Mtu anaongeza sauti ili kufidia. Ampli inaanza kukata vichwa vya mawimbi, muziki unakwaruza, na mkwaruzo huo unaleta sauti kali nyingi zinazoenda kwenye twita. Uzi wake mwembamba unayeyuka. Sauti ikianza kukwaruza, kupunguza kunagharimu kidogo kuliko fundi.

Maji yanafuata. Masanduku mengi ya dukani yametengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa. Yakinywa maji yanavimba kama mkate, na hayarudi. Bafle za kusimama zinakaa chini, pale pale maji yanapofika kwanza, kwa hiyo kwenye kartie za kando ya ziwa tofali moja ao mbili chini ya kila bafle ni kinga ya maana. Uzingo wa koni nao una umri: wa sponji unaoza baada ya miaka kwa joto na unyevu, wa mpira unaishi zaidi. Na tundu la besi ni nyumba nzuri ya mende na panya. Wavu mwepesi wa mbu uliofungwa kwenye mdomo wake unawazuia bila kuzuia hewa.

Siku ya kununua, mtu aende na wimbo anaoujua vizuri kwenye flashi, na aombe muuzaji atafute pia stesheni ya redio, mtangazaji akiwa anaongea, besi ikiwa katikati. Asimame mita 3 mbali, siyo mbele ya koni. Kama anashika kila neno ndani ya duka lenye kelele za barabara, nyumbani atashika pia.

Na akifika nyumbani akakuta besi imepotea, asikimbilie kurudisha bafle. Nyaya ziko na rangi, nyekundu na nyeusi. Zikigeuzwa kwenye bafle moja tu, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na hewa zinafutana katikati ya saloni sawa na ile spika isiyo na sanduku. Anazima ampli, anageuza nyaya mbili za upande mmoja, na besi inarudi.